2026 usinunue simu kwa kusoma boksi: utabiri wa fundi wa Ngamiani

#1 RisasiNaBlowa

Wakuu, habari za jioni.

Kila Desemba watu wanaleta utabiri wa teknolojia ya mwakani, na kila Desemba ni yale yale: simu za kukunja, miwani inayoongea, friji inayojiagizia maziwa. Mimi nina meza ya mbao, blowa, lenzi ya kukuzia na viti viwili vya plastiki hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Simu ya kukunja mara tatu sijaishika. Ila simu za watu wa mji huu nazipasua kila siku, na ukishapasua nyingi unaanza kuona zinakoelekea. Chukueni huu kama utabiri wa mtu wa bisibisi.

Neno langu kubwa ni moja. Mwakani, kwa hela ile ile uliyonunulia simu mwaka huu, utapata simu dhaifu zaidi. Najua tumezoea kinyume chake: ukivumilia mwaka, hela yako inakuletea kamera bora na GB nyingi. Mwakani gari linarudi nyuma.

Kisa ni memori. Chipu za RAM, yaani memori ambayo simu inafanyia kazi ikiwa imewaka, duniani karibu zote zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, matajiri wanashindana kujenga majengo yaliyojaa kompyuta za akili mnemba (AI), na kompyuta hizo zinakula memori ya aina yake, inaitwa HBM, chipu zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotipoti. Faida yake ni nono kuliko ya memori ya simu yako. Sasa mwenye kiwanda naye ni mfanyabiashara kama muuza machungwa wa Muheza. Lori la Dar likija na bei nzuri, wewe wa gengeni utaokota yaliyobaki. Tarehe 3 Desemba hii ya 2025 Micron wametangaza kabisa kwamba wanaifunga Crucial, nembo waliyokuwa wakiuzia watu wa kawaida RAM na SSD (hifadhi ya kompyuta) kwa karibu miaka 30. Hawakufilisika. Wameona wateja wakubwa wanalipa zaidi, basi.

Watakaoumia ni wanunuzi wa simu za bei ya chini, yaani sisi. Simu ya milioni 3 ina nyama ya kukatwa: memori ikipanda, mwenye kampuni anapunguza faida kidogo, maisha yanaendelea. Simu ya laki 2 na nusu ni mfupa tayari. Tena nyingi zinatumia memori ya kizazi cha zamani, LPDDR4X, ambayo viwanda vikubwa vimeanza kuachana nayo. Kwa hiyo mtengenezaji ana njia tatu: apandishe bei, apunguze RAM, au acheze na maandishi ya boksi.

Hilo la boksi limeshaanza. Wiki iliyopita kaja kijana na simu mpya, bado ina nailoni, analalamika inaganda akifungua kamera huku WhatsApp iko wazi. Anasema, "Fundi, hii ni ya 12GB." Nikamwomba boksi. Kweli, 12GB kwa maandishi ya dhahabu, na pembeni yake kinyota kidogo kama punje ya ufuta. Nikageuza boksi chini, nikaweka lenzi: 4GB + 8GB. RAM ya kweli ni 4. Zile 8 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, pale pale unapoweka picha na nyimbo, na hifadhi ya simu za bei hiyo ni nzito kuliko RAM mara nyingi. Ni kama mtu akwambie nyumba yake ina vyumba 12, ukifika unakuta vinne, na vinane ni mikeka chini ya mwembe. Kulala utalala, lakini usiite vyumba.

Mkienda dukani fungueni Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, msome namba ya kwanza kabla ya alama ya kujumlisha. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Matokeo yake simu zitakaa mikononi muda mrefu. Mimi nayaona tayari. Miaka miwili iliyopita mtu akipasua kioo alikuwa ananiuliza, "Nikiiuza hii, niongeze ngapi nipate mpya?" Siku hizi anauliza kioo bei gani, na kama betri ninayo nibadilishe kabisa.

La heri lipo, nalo ni betri. Betri tulizozoea upande mmoja zina grafaiti. Ukitia silikoni, nafasi ile ile inabeba chaji nyingi zaidi. Ubaya wa silikoni ni kuvimba inapojazwa, ndiyo maana wanaichanganya na kaboni ili itulie. Honor walianza nazo 2023, na mwaka huu OnePlus 15 imetoka na mAh 7,300 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) bila kunenepa kama tofali. Apple na Samsung bado wanasuasua. Natabiri mwakani simu za bei ya kati zenye mAh 7,000 zitakuwa jambo la kawaida, na kwa umeme wetu unaokatika wakati wa taarifa ya habari, hiyo ina faida kuliko kamera ya nne.

Miwani? Meta walitoa yenye kioo cha kuonyesha maandishi mwezi Septemba, dola 799. Kwa jasho la saa saba mchana la Tanga, nitaiona kwa mtalii anayekwenda mapango ya Amboni. Simu za kukunja hivyo hivyo. Mchanga wa Raskazone ukiingia kwenye bawaba mtanitafuta, na mimi nitakuwa nimefunga.

Nawasilisha.

#2 KijanaWaUsagara

Naweka kambi hapa. Ndiyo kwanza nina wiki mbili na simu ya 16GB. Ngoja nikatafute boksi.

#3 MgosiWaMakorora

Fundi, mgosi wangu, kwa heshima zote, hili ni tangazo la biashara lililovaa kanzu. Fundi akitabiri watu watatengeneza simu badala ya kununua, ni sawa na muuza majeneza kutabiri kipindupindu.

Mimi nakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki. Mji mzima tulikuwa tunabonyeza *#06#, tunatuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, mafundi mnatuambia simu za bei rahisi ndiyo basi tena. Kilichotokea? Baada ya muda simu halali za bei ya chini zikajaa mpaka kwenye maduka ya nguo. Tecno, Infinix na itel zote ni za mwenye nyumba mmoja, Transsion, na jina lake amelijenga Afrika kwa kuuza bei ya mnyonge. Leo apandishe amuuzie nani? Halafu Wachina wana kiwanda chao cha memori, CXMT, wewe umewataja Wakorea na Mmarekani tu kana kwamba China kuna kiwanda cha vitenge peke yake.

Naweka ahadi mbele ya mashahidi. Desemba 2026, hapa hapa Tanga, laki 2 na nusu itanunua simu mpya yenye RAM 4GB ya kweli na hifadhi ya 128. Ikishindikana, nakununulia samaki kolekole mzima soko la Deep Sea, asubuhi, akiwa bado anang'aa.

#4 KijanaWaUsagara

Kinyota kipo. 8 + 8. Fundi umeniharibia wikiendi.

#5 RisasiNaBlowa

Kijana, 8 ya kweli ni nyingi, kaa kwa amani. Wenye 4 + 8 ndio wakae vikao.

Mgosi, hilo la kanzu nimecheka mpaka nimedondosha koleo. Lakini umechanganya mambo mawili. 2016 ilikuwa amri ya serikali juu ya simu feki, kiwandani hakuna kilichopungua. Safari hii kinachopungua ni chipu yenyewe. Transsion hatengenezi memori, anaipanga foleni kama wengine, na kwa kuwa faida yake kwa simu moja ni ndogo, yeye ndiye anayeumia haraka. CXMT wapo na wanakua, kweli, ila nao wamezungukwa na Wachina wenzao wanaojenga AI. Hata wale wa Raspberry Pi, vile vikompyuta vidogo vya wanafunzi, wamepandisha bei mwezi huu na wakataja memori kwa jina.

Usidanganywe na mzigo uliojaa Kariakoo leo. Ule chipu zake zilinunuliwa kabla bei haijachachamaa. Subiri uishe, uje mwingine.

Kolekole nimekubali, kwa masharti: simu iwe mpya, ndani ya boksi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Usije ukaniletea ya mtumba iliyofutwa kwa kitambaa.

#6 MamaVitumbuaMabawa

Kaka fundi, umeacha la simu za mkopo, na huko ndiko bei ikipanda wote tutasukumwa.

Mimi naoka na kuuza kwa oda, wateja wangu wengi wapo WhatsApp. Simu ilipoingia maji nilichukua ya mkopo, kianzio kidogo, marejesho kila siku. Kila siku sawa, hela ya sahani moja ya vitumbua, sikuiona nzito. Mwezi wa tano nikauguza mtoto, nikaruka siku tatu. Ijumaa saa kumi alfajiri naamka niwashe jiko, simu imejifunga, kioo cheupe na maandishi ya kunitaka nilipe. Oda za harusi zote ziko humo ndani! Idadi, anwani, nani kataka vya iliki nani hataki. Nilimwazima jirani simu ndiyo nikalipa, ikafunguka saa nne. Harusi ilishapata katlesi za mtu mwingine.

Jina la kampuni silitaji, maana karibu zote ni hivyo hivyo. Nilipomaliza nikapiga hesabu kwenye daftari: nimelipa karibu bei mbili za dukani. Utabiri wangu mimi: mwakani nusu ya simu mpya mtakazoona mtaani zitakuwa na mwenyewe mwingine anayeweza kuzifunga akiwa Dar.

#7 RisasiNaBlowa

Pole dada yangu. Hii nasema kwa wote: mimi simu za mkopo sizifungui. Wananiletea kila wiki, wengine na noti mkononi. Kile kifungo kimekaa ndani kabisa, na ukikikwepa leo, simu ikijisasisha kesho kinarudi na hasira. Mbali ya kuwa ni mali ya mtu.

Ukichukua ya mkopo, oda zako andika pia kwenye daftari. Uliza pia kwa maandishi: nikichelewa siku ngapi inafungwa, na ikifungwa namba za dharura zinapigika? Wengi wanauliza kianzio tu.

#8 WakalaMwanzange

Salaam. Naona mnazungumza vyuma, mimi niseme sauti.

Wote tunaijua meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Imekuwa kichekesho, hata watoto wanaiigiza. Mwakani itakuja ikiwa na sauti ya mwanao. Programu za kunakili sauti sasa zinahitaji kipande kifupi tu cha mtu akiongea, na sisi sauti zetu tumezitawanya kwenye vikundi vya WhatsApp na stetasi kama karanga.

Mwezi uliopita kaja mzee kwenye kibanda changu, jasho linamtoka, anataka kutuma laki 3 haraka. Mwanawe kampigia kwa namba ngeni kutoka Dodoma, analia, kapata ajali, simu yake imevunjika, hii ya daktari. Mzee anaapa, "Ile ni sauti ya mwanangu, nimemlea mimi." Namba ya kutumiwa hela ina jina la mtu mwingine kabisa. Nikamwambia baba, kabla sijabonyeza, tupige ile namba yake ya siku zote. Akasema imevunjika hiyo! Nikampigia mimi kwa simu yangu. Kijana kapokea mlio wa kwanza, yuko kwenye basi, nyuma anauza mtu korosho. Mzee alikaa chini kwenye kreti la soda, hakusema kitu muda mrefu.

Iwe ni mashine au ni mtu hodari wa kuigiza, dawa ni moja. Kata, piga namba ya zamani. Nyumbani kwangu tumewekeana swali, jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Namba ya tapeli iripotini kwenda 15040, na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuifuta.

#9 BintiPangani

Wakala, umenitisha, lakini sauti hiyo hiyo ina kheri yake. Bibi yangu yupo Pangani, kusoma anasoma Kurani, herufi za simu hazimkai. Mwaka huu nimemwonyesha kuuliza AI kwa mdomo, kwa Kiswahili. Anaiuliza dawa za kuku! Miaka mitatu nyuma zilikuwa zinasikia Kiswahili kama mgeni aliyeshuka meli jana. Kazi ya watu waliojitolea kusoma sentensi ili mashine zijifunze, kama ule mradi wa Common Voice wa Mozilla, inaanza kuonekana.

Utabiri wangu, mwakani watu wazima wengi watazoea kuongea na simu badala ya kuandika. Ila msiiamini jikoni. Niliiuliza mkate wa kumimina ikanipa unga wa ngano na mayai sita, oveni nyuzi 180. Bibi akaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Huyu kwao hawana mchele."

#10 SteshonariBombo

Fundi, msaada. Nina kompyuta nne za kuchapia, zote Windows 10. Tangu Oktoba zinaniambia hazilindwi tena. Mtu kaniambia ninunue mpya zote. Mpya nne kwa faida ya fotokopi?

#11 RisasiNaBlowa

Usinunue hata moja mwezi huu. Microsoft waliacha kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ni kweli, ila kuna muda wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026. Ingia kwenye masasisho, utaona pa kujiandikisha. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, hulipi. Hapo umepata miezi kumi.

Kisha ziangalie. Windows 11 inataka chipu ya usalama, TPM 2.0, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Zako kama ni zile Dell za mezani nilizowahi kuzifuta vumbi, mbili zinaweza kuingia, mbili hapana. Zile mbili zisizoingia weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Kuchapa, kuskani na kufungua barua pepe zinatosha, na mwanafunzi wa kutengeneza CV hatajua tofauti akishaona alama ya kuandika.

Natabiri hapa pia: ofisi za Ulaya na Marekani zinatupa kompyuta za Windows 10, kwa hiyo mtumba wa mashine utakuwa mwingi. Lakini ukitaka kuziongezea RAM ndipo utakapokutana na bei niliyoisema juu. Mkipata mtumba wenye 16GB tayari ndani, msiulize mara mbili.

#12 MgosiWaMakorora

Hata kompyuta umeirudisha kwenye RAM. Huyu fundi ukimuuliza mvua atakwambia mawingu yamekosa memori.

#13 NahodhaSahare

Mimi ni mtu wa bahari, mtandao kwetu ni kitu kimoja. Tukitoka Sahare tukaipa mgongo nchi kuelekea mkondo wa Pemba, simu inabaki tochi. Nasikia simu za kawaida zitashika setilaiti mwakani. Ni kweli au ni zile habari za vijiweni?

#14 WakalaMwanzange

Nahodha, kuna ukweli. Airtel Africa wametangaza mwezi huu mkataba na SpaceX, wenye Starlink, simu za kawaida zishike setilaiti moja kwa moja, kuanzia 2026, katika nchi 14 walizopo, na sisi ni mojawapo. Marekani T-Mobile wameshaanza tangu Julai. Setilaiti inakuwa kama mnara unaopita juu.

Ila punguza matarajio. Kila nchi lazima mamlaka zake ziridhie, na sisi mpaka Desemba hii ya 2025 hata Starlink ya dishi hatujapewa wakati wenzetu wa upande wa pili wa Horohoro wanayo tangu Julai 2023. Pili, inaanza na meseji na data kidogo, usitegemee kuangalia mechi ya Coastal ukiwa majini. Tatu, inataka anga wazi. Hilo la tatu nyie ndio mnalo kuliko sisi wa chini ya mabati.

#15 NahodhaSahare

Meseji inatosha. Mwaka juzi injini ilikufa saa nane usiku, tukapeperuka mpaka alfajiri huku kila mtu ameshika simu ina chaji asilimia 60 na haina kazi. Meseji moja tu ya "tupo mahali fulani" ningeilipia hata elfu tano.

#16 KijanaWaUsagara

Fundi, na iPhone? Shemeji anatoka Marekani mwezi wa tatu, nimemwagiza. Bora hiyo kuliko kinyota.

#17 RisasiNaBlowa

Mwambie asinunue kabla hujasoma hapa. iPhone za Marekani kuanzia 14, yaani tangu 2022, hazina tundu la laini. Ni eSIM tu, laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu kwa programu. Mwaka huu kuna jamaa kaja na yake, kavaa shati la kunyoosha, ananiambia nimtolee laini, pini imekataa. Nikaizungusha, nikaizungusha tena, nikamwonyesha: kaka, hapa ulipokuwa unachoma pini ni maikrofoni. Alikuwa ameichokonoa siku mbili.

eSIM mitandao yetu inaweka, lakini uende dukani kwao na kitambulisho, na ukitaka kuhama simu ghafla, kama betri imekufa uko Korogwe, huwezi kuichomoa ukamwazima mtu. Kwa mtu anayeishi kwa laini tatu kama sisi, hilo liwaze. Na mwelekeo ndio huo: iPhone Air ya mwaka huu dunia nzima haina tundu. Natabiri mwakani simu nyingine za bei kubwa zitafuata, za kwetu hazitagusa.

Kitu kizuri ni waya. Tangu iPhone 15 nazo zinatumia Type-C baada ya Ulaya kulazimisha, kwa hiyo chaja yako ya sasa itaingia. Huu ndio utabiri wa zamani pekee nilioushangilia ulipotimia.

#18 MamaVitumbuaMabawa

Na GB WhatsApp, ile isiyo rasmi, je? Binti yangu hataki kusikia ile ya kawaida, anasema ya GB inaona meseji zilizofutwa.

#19 RisasiNaBlowa

Mwambie na yeye anaonekana. Ile ni programu ya mtu usiyemjua, umempa funguo za barua zako zote. Google wametangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, programu inayowekwa nje ya Play Store lazima mtengenezaji wake awe amejitambulisha. Nchi nyingine ni kuanzia 2027. Wajuzi wataachiwa mlango wa kupitia, wenye maonyo mengi. Sisi Tanga tuna mwaka mmoja zaidi wa kuibiwa kwa hiari.

#20 BintiPangani

Hahaa. Nalichukua hilo nalitia stetasi.

#21 MgosiWaMakorora

Haya, fundi, narekodi rasmi: simu mpya, laki 2 na nusu, GB 4 za kweli, 128, EFD, tarehe 20 Desemba 2026. Nikishinda mimi unanibadilishia kioo bure, maana kimepasuka tangu Idi na wewe unakiona kila nikipita.

#22 RisasiNaBlowa

Nimekiona. Nilikuwa nasubiri useme. Imekubalika.

#23 NahodhaSahare

Samahani, ya mwisho kabla hujalala. Simu yangu inakataa chaji mpaka niupinde waya juu. Ukichungulia tunduni kuna ukijani. Ni ya kutupa?

#24 RisasiNaBlowa

Si ya kutupa. Huo ukijani ni shaba imeliwa na chumvi ya bahari. Tundu la Type-C lina kijiulimi katikati chenye vipini vidogo pande zote, na mkichaji simu ikiwa na unyevu, umeme na chumvi vinavila vile vipini. Nusu ya simu za Sahare na Deep Sea zinakuja hivyo.

Kuanzia leo, ukitoka baharini usichomeke. Ipanguse, iweke mdomo chini mahali penye upepo, saa moja au mbili ndiyo uchaji. Mchele achana nao, unaingiza vumbi tu. Usichokonoe na pini, utavunja ulimi na hapo ndipo kazi inapokuwa kubwa. Mimi nitaisafisha kwa spiriti na brashi ya mswaki wa mtoto; ikikataa, nabadilisha kibao cha chaji, kile kibati kidogo cha chini, si simu nzima.

Leta kesho asubuhi kabla ya saa sita, kesho Ijumaa. Na uje na waya wako, mara nyingi nao umeoza.

#25 NahodhaSahare

Nakuja saa mbili. Nikupitishie changu?

#26 RisasiNaBlowa

Changu wawili. Kolekole nimeshaahidiwa.